Kumkumbuka Aliyejitolea: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika wiki chache zilizopita tumepokea barua kadhaa ambazo, ingawa zimetoka kwa watu wasiofahamiana, zote zinauliza jambo moja: klabu ya huduma kwa jamii ikifiwa na mwanachama aliyejitolea kwa miaka mingi, imkumbuke kwa njia gani iliyo ya haki kwake, kwa jamaa zake na kwa kazi aliyoiacha? Tumechagua barua nne na kuzifupisha. Majina hatuyataji, kwa kuwa waandishi wenyewe wameomba hivyo.

Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya huduma. Mwezi uliopita tuliondokewa na mwanachama aliyekuwa nasi kwa miaka 19. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wala mweka hazina. Kazi yake ilikuwa kupokea miwani iliyokwisha kutumika, kuisafisha, kuipima na kuipanga ili igawiwe watu wasio na uwezo wa kununua. Nimepewa dakika 5 za kumzungumzia katika mkutano wa kumbukumbu, pamoja na ukurasa mmoja wa jarida letu. Kila nikishika kalamu napata maneno yale yale: alikuwa mcheshi, mwenye moyo wa upendo, mtu wa watu. Nikiisoma karatasi naona ingeweza kusomwa katika msiba wowote. Nifanyeje?

Ndugu Katibu, poleni sana kwa msiba. Tatizo umekwisha kulitambua mwenyewe, na hiyo ni nusu ya kazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo; sifa za kuazima nazo hazimtoshi marehemu, kwa sababu hazikukatwa kwa kipimo chake. Kwa hiyo ziweke kando sifa zote kwa siku mbili tatu, ukatafute matendo.

Anza na kabati la klabu kabla hujaenda kwa watu. Wewe ni katibu, na unayo mihtasari ya vikao vya miaka 19, ambayo pengine hakuna aliyeifungua tangu ilipotiwa sahihi. Pitia kurasa hizo ukilitafuta jina lake tu. Utaona ni siku gani alipendekeza jambo, ni lini alipinga hoja akapigiwa kura na kushindwa, na ni mara ngapi, mwenyekiti alipouliza nani atakwenda na kikao kikanyamaza, jina lililoandikwa chini ya kimya hicho lilikuwa lake. Kisha fungua daftari la mahudhurio na leja ya stoo. Mtu asiyekuwa na cheo huonekana katika vitabu hivi kuliko katika picha za klabu, kwa maana wakati wa kupiga picha mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akifunga masanduku.

Baada ya hapo nenda kwa watu wanne au watano: aliyekaa naye meza moja, dereva aliyebeba mizigo yake, mhudumu wa kliniki ya macho aliyekuwa akiipokea miwani, na mtu mmoja aliyewahi kugombana naye. Huyo wa mwisho usimwache, kwani mara nyingi ndiye aliyemtazama kwa makini zaidi. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana swali hilo litakuletea tena mcheshi na mtu wa watu. Uliza: mara ya mwisho mlipofanya kazi pamoja, alianza na nini? Alikuwa akikasirishwa na nini? Alikuwa na neno gani analolirudia hadi mkachoka?

Niruhusu nikueleze kwa nini nasisitiza hili. Niliwahi kukaa alasiri nzima karibu na mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi kama ya marehemu wenu. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, mswaki wa zamani, na kitambaa cha pamba kilichofuliwa hadi kikawa chepesi kama karatasi. Kwa mswaki alisugua zile sehemu ndogo zinazokaa puani, ambako jasho la mtu huganda kwa miaka na kugeuka kijani. Alipokausha jozi moja aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Lenzi ikiwa na mchubuko, aliiweka katika katoni iliyo miguuni pake bila kusema neno. Iliyonusurika aliipitisha kwenye mashine ya kupimia nguvu za lenzi, akazungusha gurudumu taratibu, akaandika kibandiko: jicho la kulia namba yake, jicho la kushoto namba yake. Ndani ya kibweta kimoja alikuta karatasi iliyokunjwa, yenye orodha ya vitu vya kununua kwa mwandiko wa mtu asiyemjua. Aliisoma, akaikunja kama alivyoikuta, akaiweka mfukoni mwa shati. Nilipomuuliza ataifanyia nini, alisema hajui, ila kuitupa palepale aliona ni kama kumfukuza mtu. Ningeambiwa leo nimkumbuke mzee huyo mbele ya watu, ningeisimulia karatasi ile na kukaa chini.

Historia ya klabu hizi yenyewe inaonyesha kwamba watu hukumbukwa kwa kitendo kinachoelezeka kwa sentensi moja. Mnamo 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, alihutubia mkutano mkuu wa Lions, shirika la kimataifa la klabu za huduma, huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wanachama wake wawe watetezi wa wasioona, na tangu hapo shughuli za macho zikawa moyo wa klabu hizo. Miaka 5 baadaye mwanachama mmoja wa Peoria, Illinois, George Bonham, alimtazama kipofu akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona, akapendekeza fimbo ipakwe rangi nyeupe na kutiwa utepe mwekundu. Desemba ya mwaka huo huo wa 1930 baraza la mji lilipitisha kanuni ya kumlinda mwenye fimbo hiyo barabarani. Huenda Bonham naye alikuwa mcheshi na mtu wa watu. Lakini kilichobaki ni kwamba aliona fimbo nyeusi juu ya lami, na hakuishia kusikitika.

Sasa uandishi wenyewe. Dakika 5 hazibebi zaidi ya maneno 500 hivi yakisomwa bila haraka, kwa hiyo chagua matendo mawili, au matatu kwa kubana sana. Usianze na tarehe ya kuzaliwa. Wasifu kamili uuweke katika ukurasa wa jarida, ambako msomaji anaweza kuupitia kwa nafasi yake. Mbele ya watu anza na mikono yake ikiwa kazini. Mathalani, ikiwa ndivyo ilivyokuwa: “Kila siku ya kazi alifika kabla ya mwenye ufunguo, akakaa juu ya sanduku nje ya mlango, na tukifika alikuwa amekwisha kutenga vibweta kutoka kwenye miwani.” Sentensi hiyo haina hata sifa moja, lakini kila aliyemfahamu atainua kichwa.

Nasema “ikiwa ndivyo ilivyokuwa” kwa makusudi. Wana-Rotary, yaani wanachama wa shirika jingine kubwa la klabu za huduma, wanayo mizani ya maswali 4 iliyotungwa na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago, mnamo 1932 alipokuwa akijaribu kuiokoa kampuni iliyokaribia kufilisika. Swali la kwanza ni kama jambo hilo ni kweli, na la pili ni kama ni la haki kwa wote linaowahusu. Taylor aliyatunga kwa ajili ya biashara, lakini sijaona kipimo kinachofaa zaidi kwa hotuba ya kumbukumbu. Usiseme aliwarudishia kuona maelfu ya watu ikiwa leja haisemi hivyo. Ikiwa alikuwa mkaidi, sema alikuwa mkaidi, na ueleze ukaidi huo ulikuwa juu ya nini. Pengine alikataa kabisa jozi isiyopimwa itoke nje ya chumba, hata watu wawe wamepanga foleni. Ukaidi wa namna hiyo watu wataufurahia, na hata aliyegombana naye atatikisa kichwa akikubali.

Mengine nayapitia kwa haraka. Usitaje kwa jina mtu yeyote aliyesaidiwa, hata kama kisa chake kinavutia, isipokuwa ameridhia mwenyewe. Ugonjwa uliomuondoa marehemu ni siri ya nyumba yake. Na kabla ukurasa haujakwenda kupigwa chapa, mpe mmoja wa jamaa zake ausome, kwa kuwa klabu hukosea majina ya watoto kwa wepesi wa kushangaza.

Mhariri, salaam. Mimi ni mweka hazina. Baada ya maziko ya mwenzetu wanachama walichanga fedha papo hapo. Sasa wapo wanaotaka mfuko wa masomo utakaobeba jina lake milele, wengine wanataka jiwe la kumbukumbu, mmoja anataka tupande mti, na familia inasema lolote litakuwa jema. Fedha zilizopo si nyingi. Unatushauri nini?

Ndugu Mweka Hazina, katika barua yako yote neno lililonitia hofu ni “milele”. Mfuko wa kudumu hauli mtaji wake. Hutumia faida tu. Tuseme uwekezaji wenu, baada ya kutoa gharama na mfumuko wa bei, unawaachia asilimia 4 kwa mwaka. Ili mpate 400 za kutoa kila mwaka, lazima 10,000 zikae bila kuguswa, na hesabu hiyo haibadiliki kwa aina ya fedha. Kwa hiyo chukua ada ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka, uizidishe mara 25, kisha ulinganishe na mlichonacho. Nadhani jibu utakuwa umelipata kabla hujamaliza kusoma aya hii.

Wanaotaja mifano ya mifuko mikubwa husahau umri wake. Wazo la kuwa na akiba ya kudumu ndani ya Rotary lilitolewa na Arch Klumph, aliyekuwa rais wake, mnamo 1917, na mchango wa kwanza kabisa, uliotoka kwa klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26.50. Mfuko ulikwenda mwendo wa kobe kwa miaka mingi. Kilichoubadilisha ni kifo. Paul Harris, mwanasheria aliyeanzisha klabu ya kwanza ya Rotary mjini Chicago tarehe 23 Februari 1905 pamoja na wenzake watatu, alifariki tarehe 27 Januari 1947, naye alikuwa amekwisha kueleza kwamba badala ya maua angependa watu wauchangie mfuko huo. Michango ikamiminika kutoka klabu za kila upande, na katika mwaka wa kwanza wanafunzi 18 wakapelekwa kusoma nje ya nchi zao. Ni kumbukumbu iliyofana. Lakini tazama kwamba ilipita miaka 30 tangu wazo hadi mavuno, na nyuma yake palikuwa na klabu za dunia nzima, wala si kikundi cha watu wachache waliochanga wakiwa bado na machozi.

Ningekuwa mimi, ningetangaza msaada wenye mwisho: miaka 3, mwanafunzi mmoja kila mwaka, kwa jina la marehemu, basi. Mkifika mwaka wa 3 na bado mna nguvu, mtaongeza mingine kwa hiari. Mkiahidi milele na mkaanza kutoa udhuru katika mwaka wa 4, jina litakaloaibika si la mweka hazina, ni la marehemu ambaye hakuahidi chochote.

Ikiwa klabu yenu imo katika shirika kubwa, ipo njia nyingine ambayo haiwatwishi usimamizi. Rotary ilianzisha mnamo 1957 utambuzi unaoitwa Paul Harris Fellow, na Lions wakafuata mnamo 1973 kwa Melvin Jones Fellow, uliobeba jina la wakala wa bima wa Chicago aliyeziunganisha klabu hizo mnamo 1917. Kila mmoja hutolewa kwa mchango wa dola 1,000 kwa mfuko wa shirika, na mchango huo unaweza kutolewa kwa jina la mtu mwingine, aliye hai au aliyefariki. Fedha zinakwenda kufanya kazi, na familia inapokea alama ya heshima. Kasoro yake ni kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika mbali sana na mahali alipotumikia marehemu, na baadhi ya jamaa wangependa kuona kitu wanachoweza kukigusa.

Lolote mtakaloamua, fedha hizi zisichanganywe na za matumizi ya klabu hata kwa wiki moja. Ziwe na ukurasa wake katika vitabu, watia sahihi wawili, na aya moja iliyoandikwa na kupitishwa na kikao: fedha ni za nini, nani atachagua wa kusaidiwa, zitakoma lini, na salio likibaki liende wapi. Mjane au watoto watie sahihi kwamba wameridhia jina litumike. Kwenu wenyewe litaonekana jambo la ukali wakati wa huzuni. Kwa kamati itakayowafuata, ambayo huenda haikumfahamu marehemu hata kwa sura, ndilo litakalowaokoa.

Kuhusu jiwe, sina ugomvi nalo ila ningeliweka mwisho, na nani ataliosha liamuliwe kabla ya kulichonga. Mti una ukoo mzuri: Paul Harris mwenyewe, katika safari zake, alipanda miti ya urafiki katika nchi nyingi. Lakini mti wa kumbukumbu ukikauka mbele ya kibao chenye jina la mtu, unatia simanzi kuliko kutopanda kabisa. Basi kabla hamjashika jembe, mpeni mtu mmoja ndoo na zamu yake iandikwe.

Mhariri, baba yangu alikuwa mwanachama wa klabu ya huduma tangu kabla sijaanza shule. Katika msiba wake watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema alikuwa baba wa wote. Mimi nilikaa pale nikihesabu Jumamosi ambazo hakuwa baba wa mtu yeyote nyumbani kwetu. Sasa klabu imeandaa hafla ya kumbukumbu na inataka familia iseme neno, na mama ameniteua mimi. Isitoshe, baba ameacha sanduku la beji, fulana, picha, madaftari ya risiti na karatasi zenye majina ya watu. Nifanye nini na vyote hivi?

Dada, pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nashukuru kwamba umeiandika, kwa sababu wapo watoto wengi wa watu wa kujitolea waliokaa katika viti kama chako wakipiga makofi huku wamekunja ngumi.

Hulazimiki kuchagua kati ya kumsifu baba na kusema kweli. Muda alioipa klabu ulitoka mahali fulani, na mahali penyewe ni mezani kwenu. Hilo si lawama, ni hesabu, na klabu ina haki ya kulisikia kwa sababu imelifaidi. Sema kwa sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, bila kuirudia: “Mnapohesabu Jumamosi alizowapa, nasi tulizitoa, na mara nyingine hatukuulizwa.” Kisha nyamaza kidogo. Baada ya hapo sema jambo moja aliloifanyia nyumba yenu kwa mikono ile ile ambayo ukumbi mzima unaijua, hata kama ni dogo kama kupiga kiwi viatu vya shule usiku mkiwa mmelala. Ukijikuta huwezi kuipata hiyo sehemu ya pili, basi wakati wako wa kusema haujafika. Mwachie ndugu yako, au mwambie mama kwa upole kwamba utakuwepo lakini hutasimama. Kipimo ninachokupa ni kimoja tu: je, mama ataweza kukaa mstari wa mbele akayasikia maneno hayo na kurudi nyumbani nawe katika gari moja?

Nawaambia pia viongozi wa klabu wanaosoma safu hii: kabla ya kumpa mtoto wa marehemu kipaza sauti, msimweleze aseme nini. Na katika hotuba yenu wenyewe iwepo sentensi ya kuishukuru familia kwa kilichochukuliwa kwao, si kwa “ushirikiano” wao, neno ambalo kwa matumizi haya halimaanishi lolote.

Sanduku sasa. Madaftari ya risiti ni mali ya klabu, hata kama yamekaa uvunguni mwa kitanda chenu miaka 20. Yarudishe kwa orodha ya nambari zake na mpokeaji atie sahihi, kwani mkaguzi wa hesabu akija kuuliza, jina la baba lisibaki likielea. Karatasi zenye majina ya waliosaidiwa zirudi pamoja nazo. Usizipige picha kuwatumia watu, hata kwa nia ya kuonyesha wema wake, kwa sababu aliyepokea msaada akiwa na shida hakutia saini ya kuonekana. Beji na fulana ni zenu. Barua za shukrani alizoandikiwa yeye binafsi ni zenu pia, ingawa klabu ikiomba nakala si vibaya kuipa.

Picha ndizo zenye haraka. Kaa na mama jioni moja, na nyingine tena, umwonyeshe picha moja moja, na kwa penseli laini uandike nyuma ya kila moja ni akina nani, wapi na mwaka gani. Kalamu ya wino itachubua upande wa pili. Leo mama anawafahamu watu 9 kati ya 12 waliosimama katika picha. Baada ya miaka 10 huenda asibaki anayemfahamu hata mmoja. Na nadhani katika jioni hizo utasikia kuhusu zile Jumamosi mambo ambayo mwanzoni hukuambiwa kwa kuwa ulikuwa mtoto.

Ndugu Mhariri, klabu yetu ya zamani inaandaa ubao wa majina ya wanachama waliofariki. Mke wa mmoja wa waasisi alitumika kwa miaka mingi kuliko mumewe: aliandika barua, alihesabu fedha za minada, alikwenda hospitalini kutembelea wagonjwa. Katibu amekataa jina lake liwemo, kwa hoja kwamba hakuwahi kuandikishwa. Je, yuko sahihi?

Kwa kanuni, yuko sahihi. Kwa haki, hapana. Hakuandikishwa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa wanawake. Klabu ya Rotary ya Duarte, California, ilipowaingiza wanawake watatu katika miaka ya 1970, Rotary iliifutia uanachama mnamo 1978. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba jimbo linaweza kuzilazimisha klabu hizo kutowabagua wanawake. Lions waliwafungulia wanawake mlango mwaka huo huo wa 1987, na Rotary ikabadilisha kanuni zake mnamo 1989. Ina maana kwamba katika klabu kongwe, vitabu vya uanachama vya miongo mingi vinasema nusu ya kweli. Liandikeni jina lake, na chini yake mwandike wazi kwamba hakupewa uanachama na kwamba alifanya kazi hizi na hizi. Katibu atakuwa ametunza usahihi wake, na anayesoma ubao ataelewa mengine.

Nafasi imebaki kidogo, nami nairudia barua ya kwanza, kwa kuwa katibu yule aliongeza mstari mmoja chini ya sahihi yake: “Sanduku lake la miwani bado liko pale alipoliacha, na hakuna anayethubutu kuligusa.”

Ndugu Katibu, liguseni. Teueni watu wawili katika kikao kijacho, mmoja awe amewahi kumwona akiitumia mashine ya kupimia lenzi, na wamalize jozi zilizobaki. Vibandiko alivyoandika kwa mkono wake visibanduliwe mpaka miwani itakapomfikia mwenye kuhitaji. Zikiisha, ndipo mkae mjadili swali ambalo wakati wa uhai wake huenda hakuna aliyetaka kumuuliza. Wakala wa Kimataifa wa Kuzuia Upofu hauungi mkono ugawaji wa miwani iliyotumika, kwa kuwa sehemu kubwa ya inayokusanywa haifai, na gharama ya kuichambua na kuisafirisha inaweza kuipita ile ya kumpatia mtu miwani mipya iliyopimwa kwa macho yake. Hata yule mzee niliyemtazama alitenga zaidi ya nusu ya jozi zake katika katoni ya miguuni. Mkiona ni vyema kuacha kukusanya na badala yake kulipia vipimo na miwani mipya ya kusomea, msidhani mnamsaliti. Ikiwa kweli alikataa jozi isiyopimwa itoke nje ya chumba, alikwisha kuwaonyesha anasimama upande gani. Mashine mpeleke kliniki inayoihitaji. Beseni na mswaki muwaulize watoto wake kwanza.